Betri za Akiba

Betri kavu haifi ghafla. Kwanza sauti inapungua. Kisha mtangazaji anaanza kuongea kama mtu mwenye mafua. Baadaye muziki unaingia na kutoka, na mwishowe hubaki taa nyekundu ndogo inayowaka bila kusema kitu. Sisi tuliokulia vijiji vya Bariadi tulizijua hatua hizo kama tunavyozijua dalili za malaria, na kila hatua ilikuwa na tiba yake. Punguza sauti. Zitoe betri, zifute, zirudishe. Zianike juani. Zikigoma kabisa, ziume.

Mwaka huu, tukiwa kwenye chai chuoni, nilimsimulia mwenzangu wa darasa la uzamili habari ya kuuma betri. Yeye ni mzaliwa wa Dar es Salaam. Akaniuliza kama tulizinywesha na uji. Tulicheka sote, lakini swali lake lilinifuata hadi hosteli, kwa sababu mengi ambayo wazee wetu walizifanyia betri yalikuwa sahihi na kemia inawaunga mkono. Na pia kwa sababu nyumbani kwetu hadithi ya betri haikuwa kichekesho. Betri nne za redio zilibeba saa kadhaa za sauti, na kulikuwa na mtu mmoja aliyeamua saa hizo ni za nani.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa Shinyanga. Kilichokuwepo kabla ya mkoa, na kipo mpaka sasa, ni pamba. Pamba ikishauzwa, katikati ya mwaka, ndipo nyumba hununua vitu visivyoliwa: bati, kitanda, baiskeli, redio. Kitanda kilikuwa cha nyumba. Baiskeli na redio vilikuwa vya mwenye nyumba. Babu yangu alinunua redio ya National mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaishonea koti la kitambaa lenye mkanda wa kuning'iniza begani. National lilikuwa jina la biashara la kampuni ya Matsushita ya Japani, ambayo tangu miaka ya 1960 ilikuwa na kiwanda Dar es Salaam kilichotengeneza redio na betri. Philips nao walikuwa na kiwanda cha redio Arusha. Kwa hiyo redio ya babu, pamoja na chakula chake, vilikuwa bidhaa za nchini.

Redio ilinunuliwa mara moja. Betri zilinunuliwa maisha yote.

Nchi nzima ilikuwa ikiishi hivyo. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu karibu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza kuchimba vyoo, kusafisha mazingira na kujikinga na malaria. Vijiji vingi havikuwa na umeme. Elimu ile yote ilipita kwenye vikopo vya zinki vyenye urefu wa kidole.

Kikopo hicho ni mjukuu wa betri aliyoibuni Mfaransa Georges Leclanché mwaka 1866. Zinki yenyewe ndiyo upande hasi. Katikati kuna kijiti cha kaboni, upande chanya, kilichozungukwa na unga mweusi wa dioksidi ya manganizi. Kati ya unga na zinki kuna chumvi iliyolowanishwa ikawa nzito. Mwenzangu wa Dar es Salaam alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyodhani: ndani ya betri kuna uji. Zinki inapoliwa pole pole, umeme unatoka, volti 1.5 betri ikiwa mpya.

Sasa turudi kwenye zile tiba. Redio inapovuta umeme kwa muda mrefu, mabaki ya mmenyuko hurundikana karibu na kijiti cha kaboni haraka kuliko yanavyoweza kutawanyika, na njia inajaa. Betri ikipumzishwa, mrundikano unapungua, na volti inapanda kidogo. Ndiyo maana redio iliyozimwa jana usiku ikiwa hoi iliamka asubuhi na nguvu ya dakika kumi au ishirini. Jua linaongeza kasi ya jambo hilohilo. Joto hufanya chembe za umeme zitembee kwa wepesi ndani ya uji, na ule ukinzani wa ndani unaoizuia betri kutoa umeme unashuka. Jua haliingizi umeme mpya hata chembe. Linakusaidia kukikomba kilichobaki kwenye kuta za chungu.

Kuuma nako kuna maana yake. Betri iliyotumika sana ina mapengo, kwa sababu zinki imelika na uji umekauka, na unga mweusi haushikani tena vizuri na kuta zake. Ukiiminya kwa meno, au ukiigonga kwa jiwe bila kuipasua, unazikutanisha tena sehemu zilizoachana. Gharama yake ni kwamba kopo lililokwisha kuwa jembamba linaweza kutoboka, na kinachotoka ni chumvi kali inayochoma ulimi na kula vyuma vya redio. Watoto wa kwetu tuliijua ladha hiyo.

Kuzibadilisha betri nafasi, ya kwanza iwe ya nne na ya nne iwe ya kwanza, hakusaidii kitu kwa kwenyewe. Kinachosaidia ni kule kuzitoa na kuzifuta, maana kutu kidogo kwenye ncha inatosha kuzuia umeme.

Tiba kubwa kuliko zote ilikuwa hesabu. Redio ya babu ilitaka betri nne, yaani volti 6. Zikichoka hadi volti 1 kila moja, zinabaki volti 4, na redio inanyamaza ingawa betri hazijaisha. Vijana walichukua betri nyingine mbili zilizotupwa, wakazipanga zote sita kwenye kipande cha mti kilichochongwa mfereji, wakazifunga kwa mpira wa baiskeli na kuvuta waya mbili hadi ndani ya redio. Sita mara moja ni sita. Redio ikazungumza tena kwa siku kadhaa. Niliposoma habari ya kuunganisha betri kwa mfuatano, sekondari, nilikuwa nimeshaiona kwa macho yangu nikiwa sijajua kusoma.

Pia kulikuwa na utaratibu wa kustaafisha. Betri mpya zilianza kwenye tochi, kwa sababu balbu ya tochi inakula umeme mwingi na haina subira. Zikishindwa tochi, zilihamia kwenye redio. Zikishindwa redio, moja ilikwenda kwenye saa ya ukutani, ambayo inakula kidogo sana, nayo ikaishi humo miezi. Hakuna aliyeandika utaratibu huo popote. Kila nyumba iliujua.

Hayo ndiyo maarifa. Upande wa pili ni mgao, na huo nimeusikia kwa bibi yangu, mama yake baba.

Babu alikuwa na ratiba. Redio iliwashwa kwa taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam, kisha matangazo ya vifo, kisha ikazimwa. Siku za mpira iliwashwa mapema na kuzimwa kipenga cha mwisho kikilia. Nyimbo zilisikilizwa betri zikiwa mpya, msimu wa pamba, wageni wakiwepo. Vipindi vya mchana, vile vya mapishi na malezi na afya ya mama, havikusikika kwetu, kwa sababu mchana babu alikuwa machungani na redio ilikuwa begani kwake, imezimwa, ikisubiri jioni. Bibi anasema aliifahamu redio ile miaka kumi bila kuwahi kuzungusha kile kitufe chake.

"Si kwamba alinikataza," anasema. "Hakuna aliyesema usiguse. Ila betri zikiisha ghafla, nani ataulizwa?"

Kwa wasiokumbuka, matangazo ya vifo yalikuwa na kazi ambayo leo hufanywa na simu. Mtu akifariki, ndugu walipeleka majina redioni: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, habari ziwafikie fulani wa Bariadi, fulani wa Maswa. Kijiji kizima kilitega sikio. Ukitajwa, ulifunga mzigo ukaanza safari usiku huohuo. Kwa familia iliyotawanyika kati ya Shinyanga, Mwanza na Tabora, tangazo lile ndilo lililoamua utazika au utahani.

Mwaka 1984 betri zilikuwa adimu, pamoja na sabuni, sukari na khanga. Betri nne za babu zilikuwa zimeshaanikwa mara mbili. Jumamosi moja kulikuwa na mechi ya watani wa jadi. Wanaume wa mtaa walikusanyika uani kwetu, sauti ikapandishwa ili kila mmoja asikie, na spika ndiyo inayokula umeme kuliko kitu kingine chochote ndani ya redio. Mechi iliisha. Redio nayo ikaisha. Hakuna aliyeona neno. Betri zingetafutwa mnadani.

Siku ya nne yake, bibi alikuwa mnadani akiuza kuku. Mama mmoja wa kijiji cha jirani akamshika mkono kwa mikono miwili na kumwambia pole kwa msiba. Bibi akauliza msiba upi.

Dada yake, yule aliyemfuata kuzaliwa, aliyeolewa Sengerema, ng'ambo ya ziwa, alikuwa amekufa. Lilitangazwa Jumamosi jioni na Jumapili jioni, na jina la babu likatajwa lote, na la kijiji. Majirani waliokuwa na redio nzima walisikia, wakadhani na sisi tumesikia, wakaona nyumba kimya wakadhani bibi ameshasafiri. Alizikwa Jumatatu. Bibi alifika Sengerema siku ya saba, akakuta kaburi limeanza kukauka juu.

Ameniambia habari hii mara moja tu, na hakumlaumu babu, ambaye amekwisha kufa. Alichoniambia kwa urefu ni alichofanya baadaye. Msimu uliofuata, kutoka kwenye fedha ya kuku na karanga, alinunua betri nne. Alizifunga kwenye kipande cha khanga, akaziweka ndani ya sanduku lake la bati, chini ya nguo. Betri za babu zikiisha, jioni, kabla ya matangazo ya vifo, bibi alizitoa zake. Redio ilimsomea majina, akazitoa tena, akazifunga. Dakika kumi kwa siku, labda kumi na tano. Betri kavu hutunzika vizuri zikiwa mahali pakavu na pa baridi, nje ya kifaa. Seti moja ilimtosha zaidi ya mwaka. Babu aliziona. Hakuwahi kuziomba kwa ajili ya mpira.

Watu wengine duniani walilitazama tatizo hilohilo kutoka mbali. Mwingereza Trevor Baylis, baada ya kutazama kipindi cha televisheni kuhusu UKIMWI barani Afrika, alibuni redio ya kuzungusha kwa mkono mwanzoni mwa miaka ya 1990, ili elimu isikwame kwa kukosa betri. Redio hizo zikatengenezwa Cape Town. Ni ubunifu wa heshima. Lakini nikifikiria ile ya babu, naona kwamba hata ingekuwa ya kuzungusha, bado ingekuwa begani kwake.

Kisha betri zenyewe zikabadilika.

Agosti iliyopita nilimpelekea bibi redio ndogo ya kichina, ile yenye mlango wa memori kadi na taa za rangi zinazocheza pembeni ya spika. Vijana wa mjini Bariadi wenye kompyuta walinijazia kadi nyimbo za Kisukuma, za wagika na wagalu, na nyimbo za kanisani. Redio hizi hazitumii betri kavu. Zinatumia betri bapa ya lithiamu, BL-5C, ileile iliyoanzia kwenye simu za Nokia. Sony ndiyo iliyoanza kuuza betri za lithiamu, mwaka 1991; mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyozizaa.

Siku ya nne nikamkuta bibi ameitoa ile betri na kuilaza juani juu ya ungo, pembeni ya michembe yake.

"Shikamoo bibi. Hiyo haianikwi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Jua limekuwa baya lini?"

Ilibidi tukae. Nilimweleza kwamba betri kavu ni ya kufa. Ukiipa joto unakomboa saa moja ya mwisho, na kesho utaitupa hata hivyo. Lithiamu inarudi kila inapochajiwa, mara mamia. Joto linaamsha ndani yake mmenyuko usiotakiwa, na kila mmenyuko huo unakula sehemu ya uwezo ambayo hairudi tena. Wakati mwingine gesi inajikusanya na betri inavimba. Mafundi wa simu wanailaza mezani na kuizungusha kama pia: nzima inagoma, iliyovimba inazunguka. Iliyovimba haitumiki tena. Na haiumwi wala haigongwi kamwe, kwa sababu ngozi yake ya ndani ikichanika, inaweza kuwaka moto.

Bibi alisikiliza, akageuza betri kiganjani. "Kumbe zile zilikuwa gunia la mtama," akasema. "Unalikung'uta mpaka kibaba cha mwisho. Hii ni ng'ombe."

Sijapata maelezo bora kuliko hayo katika kitabu chochote. Ng'ombe hukamuliwi mpaka damu. Betri ya lithiamu haipendi kuishiwa kabisa. Ni heri ichajiwe ikiwa imebaki robo. Ng'ombe pia hulishwi mpaka apasuke: kukaa imejaa pomoni muda mrefu, hasa kwenye joto, kunaichosha. Anayetaka betri yake iishi miaka aichezeshe kati ya asilimia 20 na 80. Ule ushauri wa "imalize kwanza ndipo uchaji", ambao bado unasikika kwenye vibanda, ulikuwa wa betri za zamani za nikeli na kadimiamu, ambazo zilizoea kuchajiwa nusu zikasahau nusu nyingine. Betri zile zimeondoka, ushauri wao umebaki.

Mambo mengine hayakubadilika. Sauti bado ndiyo mlaji mkubwa. BL-5C halisi ina miliampea-saa 1,020. Redio ikivuta miliampea 100 kwa sauti ya chini, hizo ni saa 10 hivi. Ikivuta 300 kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, ni saa 3 na kidogo. Zile taa za rangi zinakula bure. Nyingi zina kitufe cha kuzizima. Besi ikiongezwa, mlo unaongezeka. Msikilizaji wa spika za masikioni, kama mimi kwenye basi la kwenda Mwanza, anatumia umeme kidogo mno ukilinganisha na spika, na kwake mlaji wa kwanza mara nyingi ni kioo kinachowaka na bluetooth iliyoachwa wazi. Na ukiona betri ya umbo lilelile la BL-5C imeandikwa miliampea-saa 3,000, anayedanganya ni karatasi.

Kuna jambo moja nililigundua baadaye kidogo, nikacheka peke yangu. Mwaka 2007 Nokia ilitoa tahadhari dunia nzima kuhusu BL-5C milioni 46, ambazo ziliweza kupata joto kupita kiasi zikichajiwa. Zilikuwa zimetengenezwa na Matsushita. Kampuni ileile ya redio ya babu na betri za sanduku la bati, ambayo mwaka uliofuata ilibadili jina ikawa Panasonic.

Nguzo za umeme zimepita barabara kuu ya kwao bibi. Bei ya kuunganishiwa umeme vijijini chini ya mradi wa REA ni shilingi 27,000, lakini waya za ndani ya nyumba ni za mwenye nyumba, na nyumba ya bibi haina bado. Betri inapelekwa dukani kwa shilingi 300, inabanwa kwenye ile chaja ya meno mawili inayoitwa kobe, inarudi jioni. Kwa hiyo mgao haujaisha. Umebadilika tu wagawaji.

Wajukuu wanaochunga huondoka na redio asubuhi. Machungani ni marefu na mimi siwezi kumnyima mtoto nyimbo. Wanarudi na redio iliyokauka. Sasa, matangazo ya vifo siku hizi hayasubiriwi redioni. Taarifa inaingia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kabla maiti haijatoka hospitali. Bibi hayumo kwenye kundi. Ana kitochi, na anapigiwa. Na kitochi chake kinatumia BL-5C.

Yaani betri ya nyimbo na betri ya msiba ni ileile moja. Kijana akiona redio imezima katikati ya wimbo, simu ya bibi ipo juu ya kabati, na kuifungua ni kazi ya ukucha mmoja. Imeshatokea mara mbili. Hakuna aliyekufa siku hizo, lakini bibi hakusubiri afe.

Nilimwachia betri tatu. Moja ya redio, moja ya simu, na ya tatu ya akiba. Tulikubaliana kuhusu hiyo ya tatu kwa kirefu, maana alitaka kuiweka imejaa, kama mtu anavyojaza ghala. Lithiamu ya akiba hutunzwa ikiwa nusu, mahali pa baridi. Basi ikachajiwa nusu, ikatiwa kwenye kikopo kikavu cha majani ya chai, na kikopo kikawekwa kwenye kona ya mtungi, penye baridi kuliko pote ndani ya nyumba ile. Kila Jumamosi anaibadilisha na ile ya simu. Wachungaji wamepewa sheria yao: redio ina betri yake, ikiisha imeisha, na taa za rangi zizimwe ili iishe mchana badala ya asubuhi. Wamegundua wenyewe kwamba wakipunguza sauti inafika hadi wakati wa kurudisha ng'ombe.

Vipindi vya mchana sasa anavisikiliza, siku ambazo ng'ombe wako karibu na redio imebaki nyumbani. Anaviwasha akiwa anapepeta choroko, kwa sauti ndogo, na kitufe anazungusha mwenyewe. Kuna kimoja cha afya ambacho mtangazaji wake anambishia sana.

Wiki mbili zilizopita alinipigia usiku. Nilishtuka, kama mtu yeyote anavyoshtuka akipigiwa na nyumbani saa nne. Akaniambia hakuna msiba, nisimame kutetemeka. Alikuwa na shida ndogo. Mjukuu wake mmoja ameoa, binti ameletwa kutoka Meatu, ni mbali na kwao. Wana simu moja, na simu inaondoka na mume asubuhi. Bibi amemtafutia kitochi cha zamani, kizima, ila hakina betri.

"Akipigiwa na mama yake atasikia kwa nani?" akaniuliza. "Betri ni shilingi ngapi huko?"

Nimenunua mbili, na basi linaondoka kesho alfajiri.